Wifi na Majibu ya Damu

Kwa miaka yote ya ujane wake mshonaji alikuwa na kesi moja tu, na hakimu wake alikuwa wifi yake. Wifi huyo, dada wa marehemu, hakuwa na breki mdomoni. Misibani alisema, harusini alisema, hata kwenye foleni ya maji alimsimulia mtu asiyemjua: yule mwanamke pale alimuua kaka yangu kwa maneno.

Na maneno kweli yalitoka. Marehemu alikuwa seremala, bingwa wa milango ya watu, ilhali mlango wa jikoni kwake ulikuwa haufungi. Asubuhi ile mkewe alichoka kuahidiwa. Wifi akiwa uani anaanika nguo, anasikia, mke alisema: "Hata ufe leo, mlango huu utabaki hivihivi." Kabla ya adhuhuri mume alianguka karakana, randa mkononi, na walipomleta nyumbani alikuwa ameshakata roho. Miaka arobaini alikuwa hajafikisha. Mlango ukabaki vilevile, na mjane hakuruhusu mtu auguse.

Wifi alitoa hukumu siku hiyohiyo, na mshonaji, kusema kweli, hakukata rufaa. Ila akiwa peke yake na cherehani alijitetea vizuri sana. Alipanga maneno atakayomjibu wifi siku akija kuomba radhi, akayapiga pasi mpaka yakanyooka. Siku hiyo aliingoja kwa hamu kubwa, na hakumwambia mtu.

Mwanawe wa pekee alirithi karakana, randa, na shida ya viatu. Nyuma ya visigino vyake kulikuwa na vinundu vigumu kama vya baba yake. Mshonaji alimkatia viatu ukingo wa nyuma kwa mkasi uleule aliokuwa akimkatia mumewe, huku akimtania kwamba ukoo wao uliumbiwa kandambili.

Kijana alipoanza kubanwa kifua akibeba mbao, alisema ni gesi. Mama mtu akamburuta hospitali kama anayempeleka mtoto chanjo. Daktari, mwanamke wa sauti ya chini, aliuliza baba alifariki akiwa na umri gani, kisha akamwomba kijana avue viatu. Alivibonyeza vile vinundu kimoja kimoja. Akaagiza mama na mwana wote wapimwe damu, waje asubuhi bila kula kitu.

Majibu yalipotoka, damu ya mshonaji ilikuwa safi. Ya kijana ilikuwa na mafuta mabaya zaidi ya mara mbili ya kiwango. Kijana akaapa kwamba nyama ya mafuta hata haipendi. Daktari akaeleza kuwa haya si mafuta ya kula, ni ya kuzaliwa nayo. Mwili unashindwa kuyaondoa, nayo hujikusanya kwenye mishipa ya moyo tangu utotoni, na kwenye visigino yakawa vinundu kama vile. Kama mama hana, basi yametoka kwa baba. Vidonge vipo na ataanza leo, lakini kifua kikishabana hivyo, huenda mishipa imeanza kuziba, na hatari ya moyo kusimama ghafla ni kubwa. Mbao asibebe tena. Na kwa kuwa kijana naye ni baba, binti yake mdogo aletwe apimwe.

"Kwa hiyo baba alikuwa na ugonjwa huuhuu?" kijana akauliza.

"Kwa dalili hizi, naamini hivyo," daktari alisema. "Angepimwa damu, ingeonekana mapema."

Mshonaji alishusha pumzi. Ilikuwa kitambo kidogo tu, lakini furaha ilimpitia, furaha tupu: kumbe sikumuua. Kisha akamwona mwanawe ameinama anavaa viatu, akaichukia furaha ile na kujichukia mwenyewe. Kesi yake ilikuwa imefutwa, na ushahidi umetoka kwenye mshipa wa mtoto wake.

Kijana mwenyewe ndiye aliyekwenda kumweleza shangazi yake, akidhani anamfanyia mama hisani. Kesho yake wifi akaja, akapitia jikoni kama mtu wa nyumbani, akaanza kulia kabla hajaketi. Alisema anavikumbuka visigino vya kaka yake, na kwamba amemsingizia mwenzake nusu ya maisha.

"Nisamehe, wifi yangu," alisema. "Hukumuua. Alikuwa mgonjwa."

Ndiyo maneno yenyewe aliyokuwa akiyangoja. Mshonaji aliyatafuta majibu yake yaliyopigwa pasi, asiyaone. Akiyapokea maneno haya, amekubali na ya daktari kuhusu mwanawe.

"Sina la kukusamehe," alisema. "Nilimuua mimi. Ulisikia kwa masikio yako."

"Lakini damu imeonyesha..."

"Achana na damu. Sema kama ulivyokuwa unasema siku zote. Sema kaka yako alikuwa mzima wa afya, mdomo wangu ndio uliomuua. Nakuomba, wifi."

Wifi akafuta machozi, akamshika mkono. Kwa mara ya kwanza alitamani kumpa alichotaka. Akafungua kinywa.

Hapo kijana akaingia kutoka uani, viatu mkononi, akihema kwa hatua zile chache. Akauegemea ule mlango usiofunga ili apumzike. Wifi alivitazama visigino vyake, na maneno aliyowahi kumwambia kila mtu yakagoma kutoka.