Uso wa Gizani

Severina alirusha maharage kwa ungo, makapi yakapeperuka, na mwanangu Joyness akapiga magoti kwenye vumbi ili amrekodi vizuri kwa simu. Hiyo ilikuwa siku ya tatu ya kumrekodi. Mimi ndiye niliyemzaa, nikamlea peke yangu tangu baba yake azikwe hapa Kalenga. Lakini aliyepigiwa magoti alikuwa jirani.

Joyness anafundisha Mbeya. Akija likizo hushinda kwenye kompyuta, akirekebisha programu ya kupunguza uzito wa video ili zipite hata kwenye mtandao wetu huu wa kuchechemea. Programu yenyewe iko wazi kwa kila mtu. Wanaoitengeneza wako wengi, nchi mbalimbali, hawalipwi. Kila mmoja huleta kipande chake, wenzake wakakikagua. Hilo nililielewa upesi. Ni kama zamu ya jumuiya kusafisha kanisa.

"Mama mdogo, rusha tena!"

Mama mdogo! Tangu lini?

"Utanichosha, mwanangu," Severina akacheka, kisha akanigeukia. "Mwenzangu, huyu kanifanya bibi harusi uzeeni."

Nilitabasamu kwa meno tu. Alipoondoka nikauliza, "Na mimi sina sura?"

"Nilikurekodi juzi, mama, ukisali jikoni."

Akanionyesha video zetu zote mbili zilivyotoka kwenye programu yao. Severina na kitenge chake cha maua alikuwa safi, hata punje ungezihesabu. Mimi, na nguo yangu nyeusi ya ujane, nilikuwa kama uji uliomwagika. Macho hayakuwepo.

"Programu ikiibana video ili iwe nyepesi, huanza kufuta penye giza na pasipo na mwendo," alisema. "Inadhani hakuna anayepatazama."

Mungu anisamehe. Hata mashine ilimpenda Severina.

"Kurekebisha hilo ndicho kipande changu, mama. Miezi minne nahangaika nacho. Wenzangu wameshakikataa mara mbili, wanasema uso wa gizani ni jambo dogo. Nataka video nyingine ya kuwaonyesha. Kaa palepale jikoni. Usitikisike."

Nikakaa kwenye kigoda, rozari mkononi, simu ikinielekea. Nikaanza Salamu Maria.

Nje, Severina akabisha hodi. Akabisha tena, akaniita jina langu kwa upole. Katika miaka yote ya ujane wangu sijawahi kuiacha hodi ya mtu bila kuiitikia. Joyness alinitazama.

Midomo yangu iliendelea na sala. Kope sikuzipepesa.