Kisigino Juu ya Kuni

Nilivunjika mguu nikipeleka maziwa barabarani, mvua ikiwa imefanya kilima chetu cha Endarasha kiteleze kama sabuni. Hospitalini Nyeri walinifunga plasta, na siku ilipotolewa nikaona mguu umekonda na goti limekataa kunyooka. Mwanangu Mutahi, anayelima mpunga Mwea, alikuja akauangalia, kisha akatoa hukumu. Angerudi na lori baada ya mavuno. Kama maziwa yangu yatakuwa bado yanapandishwa kilima hadi barabarani na watu wengine, ng'ombe atauzwa nami nitahamia kwake.

Mimi nihamie Mwea nikaliwe na mbu! Shamba hili tulilipata, mimi na marehemu mume wangu, baada ya Uhuru, na kabla ya hapo tulikaa miaka katika kijiji tulichofungiwa na wakoloni, kimezungushiwa handaki, hatuna hata pa kupanda kitunguu. Visiki vya hapa niliving'oa mwenyewe. Sikuwa tayari kutoka kwa ajili ya goti.

Sasa, kwetu mtu akiugua wanawake hawamwachi. Aliyewaongoza ni Wacera, jirani yangu, mwanamke wa roho nzuri na mkono mzito. Walinitekea maji, wakanikamulia, wakanipikia uji, na kila aliyekuja alikuja na mzigo wa kuni mgongoni, hadi kuni zikafika dirishani. Wacera mwenyewe alikunja blanketi akaliweka chini ya goti langu ili lipumzike. Nikijaribu kuinuka, alinirudisha kitandani kwa kidole kimoja. Na mimi, kusema kweli, nililala raha mustarehe.

Niliporudi hospitalini nilipelekwa kwa Gaudencia, mama wa kutoka Bungoma ambaye kazi yake ni kufundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Aliniuliza ninalala vipi, nikamweleza habari za blanketi nikidhani atafurahi.

"Mama Mutahi, hiyo blanketi ndiyo inakuharibia goti," akasema. "Goti ikikaa imekunjwa, inajifunza kukunjwa. Weka kitu chini ya kisigino, goti ibaki hewani. Na hao wamama waambie wakuachie kazi yako."

Akanionyesha jinsi ya kukaza paja na kulisukuma goti chini, nishikilie, niachie, nirudie tena. Fimbo nilikuwa naishika upande wa mguu mbovu. Akaihamisha upande wa mguu mzima, na hapo hapo mwendo ukawa mwepesi. Kwenye mlima, alisema, mguu mwema ndio unaotangulia kupanda, kama watu wema wanaokwenda mbinguni, na yule mwenye dhambi ndiye anayetangulia kushuka. Maumivu yanayoisha usiku ukipita ni ya kazi, nisiyaogope. Goti likivimba na kuwaka moto, nipunguze, lakini nisiache.

Nilirudi nyumbani nikatoa blanketi. Nikachagua gogo laini katika kuni za Wacera, nikaweka kisigino juu yake, nikaanza kusukuma goti huku nikisali Baba Yetu ili nijue nimeshikilia kiasi gani. Mwanzoni paja lilitetemeka kabla sijafika kwenye mkate wetu wa leo. Nililia, nikajifuta, nikaanza tena.

Kazi ngumu ilikuwa Wacera. Asubuhi alikuja na debe la maji kama kawaida, nikamwambia kuanzia leo nitateka mwenyewe, nitakamua mwenyewe, hata nikimwaga.

"Ati unatufukuza?" akauliza. "Watu watasema tulikuacha uteseke."

"Wacha waseme."

Akaweka debe chini akaenda, na wenzake hawakuonekana tena. Hilo liliniuma kuliko goti. Mtu aliyekupikia uji si mtu wa kumwonyesha mlango, nalijua hilo, lakini nililijua pia lori la Mutahi.

Basi nikashika kazi. Nilipanda kilima bila kitu, nikaja kupanda na kibuyu cha maji, kisha na mkebe wa maziwa wenye tone tu chini, na kila mara niliongeza kidogo. Siku goti lilipovimba nilitembea uani tu. Jioni moja nilikuwa nimelala na kisigino juu ya gogo, nasali kwa sauti, nikaona Wacera amesimama mlangoni. Akaitazama ile kuni yake. Akangoja mpaka nikasema amina, akaitikia, akaenda zake.

Lori lilifika asubuhi, wanawake wakiwa barabarani na maziwa yao wakingoja gari la kuyachukua. Mimi nilikuwa bado chini ya kilima, pale pale nilipoangukia siku nilipovunjika, mkebe umejaa na matope yameanza. Nikamwona Mutahi akiruka kutoka kwenye lori, kamba ya ng'ombe begani, akianza kuteremka kunipokea.  Akiushika mkebe ule, yamekwisha.

Wacera akamshika koti kwa ule mkono wake mzito.

"Mwache," akamwambia. "Hata mimi nilikatazwa."

Nikaweka fimbo. Mguu mwema, kisha mwenye dhambi. Mwema tena. Hakuna aliyenisogelea, na nilijua jinsi ilivyowagharimu wanawake wale kusimama tu mikono mitupu. Nilipofika juu nikautua mkebe mwenyewe kando ya mikebe yao, nikapumua.

"Mama, bado inauma?" Mutahi akauliza.

"Inauma," nikasema. "Lakini ni ya kazi."

Akaitazama ile kamba kama mtu asiyejua pa kuiweka. Nikamwambia aitumie kubebea gunia la mchele aliloniletea kwenye lori, alishushe nyumbani, kwa maana katika kubeba mimi bado sijafikia gunia. Akainama akaanza kuhangaika nalo. Wacera akanyoosha mkono amsaidie, nikamkazia macho, akaurudisha.