Kilima cha Mama Watoto

Treni ndogo ya kuchezea mezani ilizimika tena ndani ya handaki la kilima cha karatasi, mabehewa ya nyuma yakabaki nje. Mzee, fundi umeme mstaafu, alijua kasoro iko wapi. Waya aliouunga chini ya reli ulikuwa umeachia, na kilima kimeufunika.

Siku ya kukijenga, mkewe alisita, mikono imejaa gundi.

"Hukuacha kitundu cha kuingiza mkono? Waya ukiachia je?"

"Waya nilioufunga mimi uachie? Wewe funika tu, mama watoto."

"Haya, bwana fundi mkuu!" Akacheka, akafunika, akabonyeza miteremko kwa dole gumba. Alama za dole lile bado zinaonekana chini ya rangi ya kijani. Mwenyewe walimzika mwezi uliopita.

Binti yao alimletea kisu. "Baba, kata tu. Nitakutengenezea kingine, kizuri kuliko hiki."

"Kizuri kitakuwa, mwanangu. Cha mama yako hakitakuwa."

"Sasa treni itapitaje?"

Mzee aliweka ncha ya kisu juu ya mteremko, penye alama. Mkono uliokata nyaya maisha yake yote ukagoma. Akamrudishia binti kisu, akainama, akalisukuma behewa la mwisho kwa kidole, taratibu, hadi kichwa cha treni kikapata umeme upande wa pili na kuondoka chenyewe.

Treni ilipozunguka meza na kurudi, ilimkuta ameinama vilevile, kidole tayari, machozi yakimdondoka kwenye reli.