Harufu ya Nekoye

Tumbo la ng'ombe likipasuliwa, kinachomwagika kwanza ni nyasi zilizochacha, vuguvugu, zenye povu la kijani. Kila alfajiri Nekoye alisimama katika uchafu huo hadi vifundoni, kwenye kichinjio kimoja cha Ruiru, akikwangua matumbo kwa kisu butu huku kichefuchefu kikimpanda kooni. Wanaosema mtu huzoea, hao hawajawahi kuyaosha.

Harufu ilimfuata hadi Mwihoko alikoishi na mama yake, ikalala naye, ikaamka naye. Sabuni, ndimu, majivu, zote zilisalimu amri. Katika timu ya wasichana alikocheza ushambuliaji, wenzake walivalia jezi upande huu, yeye upande ule. Akifunga bao, walimpigia makofi kwa mbali. Na jioni utawakuta hao hao kibandani, wameagiza matumbo kwa ugali, wanalamba vidole. Watu wengine bwana, wanatia kinyaa kuliko samadi yenyewe.

Lakini kwa mabao hakuna aliyemfikia. Habari zilipokuja kwamba kocha wa klabu moja ya wanawake kutoka Norwe angekuja Thika kuchagua mchezaji mmoja, kila mtu alijua ni nani. Kocha wao, Kiama, akamwamuru asikanyage kichinjioni wiki nzima, maana mgeni angemsalimia kwa mkono. Ciku, nahodha, akamletea marashi. Nekoye aliyapokea kwa shingo upande, kisha akajisugua mpaka ngozi ikawasha. Aliitaka safari ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

Siku ya mechi na timu ya Thika, mgeni akitazama, Wamboi, beki wao ambaye miaka yote alimkabia mbali, alimsogelea akanusa.

"Kumbe leo umeoga," akasema, akamganda mgongoni kama kupe.

Kipindi chote cha kwanza Nekoye hakugusa mpira wa maana. Hapo ndipo ukweli ulipomkata maini: hakuwahi kukabwa. Mabao yake yote aliyafunga katika nafasi aliyoachiwa na watu waliomwonea kinyaa. Alijidharau. Akatema mate, nayo yalikuwa machungu kwa marashi.

Wakati wa mapumziko Kiama alifoka sana, ila Nekoye hakumsikia. Alikuwa akiufikiria uzito wa Wamboi mgongoni mwake. Alipojaribu kukumbuka ni lini mtu mwingine, mbali na mama yake, alimkaribia hivyo, hakukumbuka.

Kipindi cha pili hakumkimbia tena. Alimwegemea kwa makusudi, akasikiliza uzito ule umelalia wapi, na mpira ulipofika akageukia upande wa pili. Mara ya kwanza alianguka. Ya pili akapokonywa. Karibu na mwisho alizunguka, akabaki yeye na golikipa, akapiga chini kwa chini, na wavu ukatikisika.

Mgeni alimwambia waziwazi kwamba kipindi cha kwanza hakikumpendeza hata kidogo. Aliyemtaka ni yule wa kipindi cha pili.

Viza walimnyima ubalozini mara ya kwanza, eti hana kitakachomrudisha nyumbani. Akaomba tena, wakampa. Kuanzia hapo akawa wa kila mtu. Wenzake walimwita dada, wakataka kupigwa picha naye huku wamemlalia mabegani. Kinyaa walichomwonea miaka yote sasa kilimhamia yeye kila alipoguswa.

Sherehe ya kumuaga iliandaliwa Murera, kwa kina Ciku, pilau na keki. Alfajiri ya siku hiyo Nekoye alivaa buti zake za mpira, ingawa kazi alishaiacha. Mama yake alimshika mkono mlangoni.

"Mwanangu, una wazimu? Si leo wanakuaga?"

"Ndiyo maana, mama."

Aliosha matumbo hadi adhuhuri, kisha akaenda Murera moja kwa moja, maji ya matumbo yamemkaukia mikononi na kwenye nywele. Alipoingia, waliokuwa karibu na mlango walirudi nyuma. Mtu mmoja aliisogeza keki mbali. Kiama akainamia simu yake.

Nekoye alifungua mikono.

"Nimekuja kuagwa," akasema. "Nani ataanza?"

Ciku aligeuka kuwatazama wenzake. Hakuna aliyemsaidia. Akavuta pumzi, akaibana, akaja. Nekoye akamkumbatia kwa nguvu, wala hakumwachilia mpaka aliposikia amepumua.