Zulia la Gundi

Watu hudhani kumpa mtu mbwa ni kazi ya kufungua mlango tu: unamsukuma ndani, unaaga, unaondoka. Hao ndio wanaonunua kiatu kipya asubuhi, wakakivaa mchana huohuo kwa safari ya mbali, halafu wananijia wakichechemea na kuilaumu ngozi. Mimi ni fundi viatu. Kiatu kipya huvaliwa kwanza ndani ya nyumba, kidogo kidogo, mpaka mguu na ngozi visikilizane. Nilikusudia kumfanyia Gundi vivyo hivyo.

Gundi ni mbwa wangu. Nilimpa jina hilo kwa sababu tangu alipokuwa mdogo wa kuenea kwenye boksi la viatu hakubanduka kwangu. Nikishona, yuko chini ya meza ya kazi. Nikienda msalani, yuko mlangoni kama askari. Lakini macho yangu yalikuwa yamechoka, na msharasi wangu wa kutobolea ngozi ulikuwa unatoboa vidole vyangu zaidi ya viatu vya wateja. Mwanangu mkubwa aliniita nikaishi naye mji mwingine, ghorofani, ambako mwenye nyumba hataki hata kuku. Nilikubali shingo upande. Jambo moja tu liliniumiza kichwa: nilitaka Gundi awe na kwao kabla sijaondoka.

Binti yangu, ambaye ni msusi, alisema watamchukua. Mumewe, fundi umeme, akasema sawa, ilimradi asitafune nyaya. Watoto wao wawili wakaanza kurukaruka, nikawaambia waketi chini, kwani mbwa hapokelewi kwa kelele.

Mwezi mzima niliwafundisha bila mbwa. Nilifunga kamba kwenye kigoda, nikawaambia huyo ndiye Gundi: atembezwe asubuhi kabla ya shule na tena jioni, awekewe maji, asiguswe akila, asishtuliwe akilala. Majirani walishika mbavu walipoona watoto wanakokota kigoda barabarani. Mkubwa, msichana tunayemwita Wakili kwa kuwa hakuna kauli anayoipokea bila kuihoji, aliniuliza nani ataosha bakuli lisilochafuka. Mdogo wake, Bwana Tumbo, alikuwa anakula chakula cha kigoda, kisha anaapa kwamba kigoda ndicho kilichokula. Binti yangu alimnong'oneza mumewe kwamba baba yake amezeeka vibaya, nami nikasikia, maana ni macho tu yaliyokwisha. Lakini hakuna asubuhi waliyoisahau ile kamba, na siku moja mvua ilipowakuta njiani Wakili alivua koti lake akakifunika kigoda. Hapo nikajua wako tayari.

Kilichobaki kilikuwa Gundi mwenyewe, na hapo ndipo nilipojiona mjanja. Chini ya meza yangu ya kazi palikuwa na zulia dogo jekundu, limepauka na kujaa nywele zake. Kila nilipokwenda kununua ngozi au soli, mahali pasipofaa mbwa, nililipiga zulia kwa mguu mara mbili na kusema, "Hapo." Gundi alilala juu yake na hakuondoka, hata mteja akimrushia mfupa, mpaka nirudi na kumwambia, "Twende." Wala haikutokea hata mara moja nikakosa kurudi.

Basi nikafikiri nitamhamisha na zulia lake, kwani penye zulia ndipo kwao. Nililitandika barazani kwa binti yangu, nikalipiga kwa mguu, nikasema, "Hapo." Akalala. Nilitoka getini, naye hakunifuata. Mkwe wangu alinisifu, akasema hajapata kuona mbwa mwenye adabu kama huyo. Nilikwenda kifua mbele mpaka kwenye kona, kisha nikasimama kupangusa macho. Kusema kweli nilitaka alie kidogo.

Siku ya tano nilikuwa nafunga kibanda changu, nagawa nyundo na kalibu za viatu kwa mafundi wenzangu, binti yangu aliponipigia simu. Gundi hakuwa anakula. Maji aliyalamba tu alipowekewa bakuli mdomoni. Wakili alimfunga kamba, akambembeleza, akamkokota kama alivyokokota kigoda, lakini mbwa alijirudisha kwenye zulia na kutazama geti. Mvua ya upepo iliingia barazani ikamlowesha, naye hakusogea.

"Baba," binti yangu alisema, "huyu mbwa haumwi. Anakusubiri."

Nilikaa chini palepale, juu ya vipande vya ngozi. Mazoea yana taabu. Niliandaa wazazi, nikaandaa watoto, hata kigoda nilikiandaa, nikasahau kwamba kwa Gundi lile zulia halikuwa na maana ya kwao. Maana yake ilikuwa narudi sasa hivi. Nilikuwa nimemwongopea kwa lugha niliyomfundisha mwenyewe, naye akaniamini, kwa sababu sikuwahi kumpa sababu ya kutoniamini. Nilijichukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Nilikwenda kesho yake, mizigo yangu ikiwa tayari imefungwa. Mkia wake uliliponda zulia, lakini hakuinuka, maana sikuwa nimempa ruhusa. Mbavu zake zilihesabika. Nikainama nikamwambia, "Twende." Akainuka miguu ikimtetemeka, akaweka uso wote kwenye kiganja changu. Tulimtembeza, kamba ikiwa mkononi mwa Wakili, mimi kando. Tuliporudi alikula, kwanza kutoka mkononi mwangu, kisha mkononi mwa mtoto. Alipokuwa bado anakula nililikunja zulia na kulitia kwapani.

"Babu, ukilichukua atalala wapi?" Wakili aliuliza.

"Popote atakapopenda. Asinisubiri tena."

"Kwa hiyo hurudi?"

Ningeweza kumwambia nitarudi. Watoto huambiwa hivyo kila siku na dunia haianguki. Lakini nilikuwa nimeona neno hilo linavyomfanya anayeliamini.

"Sirudi kuishi naye, mjukuu wangu. Shika kamba kwa mikono miwili."

Nilitoka bila kupiga mguu wala kusema neno. Gundi alikuja nyuma yangu kama kawaida yetu, mpaka kamba ikamzuia. Ndipo akalia. Miaka yote sikuwahi kumsikia akilia vile, na Wakili naye akaanza, nikawasikia wote wawili. Sikugeuka. Ningegeuka ningerudi, na kurudi kungemfundisha kusubiri upya. Zulia lilikuwa linanuka mbwa na gundi ya viatu, nikalibana kwapani mpaka stendi.

Huku ghorofani nina kitanda kizuri na dirisha. Zulia nimelitandika nyuma ya mlango. Mwanangu anadhani ni la kupangusia miguu. Juzi Wakili alipiga simu kutoa taarifa. Gundi anakula, mbavu hazionekani, amemfukuza paka wa jirani, na anakwenda kumpokea Bwana Tumbo akitoka shule. Muda huo alikuwa amelala miguuni kwa Wakili mwenyewe. Akaisogeza simu sikioni mwa mbwa, akaniambia niseme kitu.

"Gundi," nikasema. "Gundi, twende."

Nikaibana simu sikioni.

"Amefanyaje?" nikauliza.

"Amefungua jicho, Babu. Halafu amelala tena."

Nikamwambia vizuri sana, ndivyo tulivyotaka, na amsalimie mama yake. Nilipokata simu nikaketi nyuma ya mlango juu ya zulia, nikalia kama mtoto mdogo. Mwanangu alipofungua mlango akanikuta hapo, akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia ndiyo.