Sufuri za Pavol Hrabchak

Gazeti la Jumamosi lilipoingia dukani kwa Carmine kinyozi, hakuna aliyenyoosha mkono. Wateja wote walijua kwamba wa kwanza kulifungua ni Matush Hrabchak.

Matush alivaa miwani, akaziruka habari za vita vya Korea na za mgomo wa wafua chuma, akashuka hadi chini ya ukurasa wa michezo. Huko ndiko mechi za mpira wa kikapu wa kulipwa zilikobanwa kwa herufi ndogo kama mchwa: jina la mchezaji, vikapu, mitupo huru, makosa, pointi. Kiingereza chake kilikuwa cha kiwandani, lakini namba hazikumpiga chenga.

"Haya, mzee mwenzangu," alisema Dutko, msimamizi wa tanuru la tatu, akiwa kwenye kiti na povu shavuni. "Kijana kaleta nini leo?"

"Bado natafuta."

"Usiyachoshe macho. Tafuta yai."

Watu wakacheka, na Matush naye akatabasamu kidogo, maana Dutko hakuwa mtu mbaya. Kidole chake kikasimama kwenye safu ya Utica, timu ya mwanawe Pavol. *Hrbchk 0 0 5 0.* Hakuna kikapu, hakuna mtupo huru, makosa matano, pointi sufuri.

Dutko akachungulia. "Majina marefu wanayabana, sawa. Lakini wewe, pointi wamemnyima, hata irabu wamemnyima!"

"Kaa kimya nisikukate," alisema Carmine.

Matush alilikunja gazeti polepole. Wiki tatu sasa alikuwa akisoma sufuri. Pavol alikuwa na miaka ishirini na sita, anaishi kwenye nyumba ya kupanga huko Utica, anakula chakula cha watu. Dutko alikuwa amemwekea nafasi kiwandani, lakini mwisho ulikuwa leo jioni. Asubuhi, mkewe akimwekea kabichi na tambi mezani, Matush alikuwa amemwahidi kwamba leo atampigia Pavol simu arudi nyumbani. Hakupenda mwanawe aingie kwenye tanuru. Kifua chake mwenyewe kilikuwa kikimweleza kila usiku tanuru ni kitu gani. Ila alijiuliza, je, ni heri mtu akae mbali na kwao akila aibu?

"Carmine, naomba simu yako. Ni ya mbali."

"Ngoja nimmalize huyu, mzee wangu, nikuitie opereta."

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia dereva wa lori, theluji mabegani. Daraja lilikuwa limefungwa, akasema, basi bora anyolewe ndevu kuliko kukaa akiganda barabarani. Akakaa, akaliona gazeti mapajani mwa Matush.

"Wameandika ya Toledo humo? Usinionyeshe. Nilikuwepo jana, kabla sijashika usukani. Mimi ni wa Toledo."

"Pole, bwana," alisema Carmine. "Mlifungwa?"

"Kufungwa ni kawaida. Renfro ndiye aliyeniuma. Mnamjua Renfro? Huyo usiku wowote anakupa pointi ishirini na nne, hata akiwa na homa. Jana walimwekea dude moja refu, pua imepinda, likamganda kama kupe. Renfro akienda kushoto, kupe yupo. Akienda kunywa maji, nadhani kupe yupo. Mpaka akawa anagombana na mwamuzi kama mama mkwe."

Kiwembe cha Carmine kilisimama hewani. Pua ya Pavol ilivunjika mbele ya duka lile lile, alipokuwa mdogo, kwenye barafu.

"Jina lake nani?" Matush aliuliza.

"Mtangazaji alijaribu mara mbili. Ilikuwa kama mtu anapiga chafya."

Hakuna aliyecheka. Matush alilifungua tena gazeti. Mwaka mzima alikuwa akisoma safu ya Utica peke yake, kama mtu anayetafuta nguo za mwanawe kwenye kamba. Sasa kidole kikavuka, kikaingia safu ya wapinzani wa jana, Toledo. *Renfro 2 3 2 7.* Vikapu viwili. Pointi saba.

Alimpa Dutko gazeti. Dutko alisoma, akajipangusa povu.

"Nimeona," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Lakini kocha naye anaona hivyo, Matush? Mwakani wakimtema, mimi sitakuwa na nafasi. Nakwambia kama ndugu."

"Najua. Ndiyo maana sikukasirikii."

Carmine akamwita opereta. Sauti ya Pavol ilikuja kutoka mbali, imejaa mikwaruzo.

"Baba? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Mama yako anakusalimu."

"Umesoma gazeti."

"Nimesoma."

"Nilitaka kukuuliza, baba. Ile nafasi kwa Mzee Dutko bado ipo?"

Matush alimtazama Dutko. Dutko akatazama theluji nje.

"Ipo mpaka jioni. Ukiitaka ni yako, sitakuficha," alisema Matush. Akavuta pumzi iliyokwaruza kifuani. "Lakini huyo Renfro alipata saba."

Mikwaruzo ikazidi kwenye laini, Matush akaibana simu sikioni.

"Umejuaje?"

"Nimesoma upande wa pili. Kumbe wewe uliandikwa huko."

Alimsikia mwanawe akivuta kamasi kama zamani, alipokuwa anarudi na pua inayovuja damu hataki kulia mbele ya wenzake.

"Mwambie Mzee Dutko ampe mwingine," Pavol alisema hatimaye. "Mwambie nashukuru sana. Na kama mwakani nitajuta, nitajuta mwenyewe."

Matush akarudisha simu mahali pake. Dutko alikuwa ameshavaa koti.

"Anakuja?"

"Haji. Anakushukuru."

"Kichwa kigumu. Sijui kakitoa wapi," alisema Dutko, akampiga Matush begani na kutoka.

Matush alikaa na gazeti lake, kisha akamgeukia dereva wa Toledo, ambaye sasa alikuwa kwenye kiti, kidevu juu.

"Samahani, bwana. Jumanne Utica wanacheza na Akron. Huko Akron mfungaji wao mkubwa ni nani?"

"Wa nini?"

"Nataka kujua jina la kutafuta."