Mzunguko Niliouficha

Mume wangu Aniello alikuwa dereva wa pili. Watu wakisikia hivyo hudhani ni dereva aliyemaliza katika nafasi ya pili, na yeye hakuchoka kuwasahihisha. Dereva wa pili ni yule anayeendesha gari la timu mpaka gari la dereva wa kwanza liharibike. Likiharibika, wa pili anaonyeshwa ubao mwekundu, anasimama, anashuka, na mwenzake anapanda kwenye kiti ambacho bado kina joto la mwili wake. Sheria za miaka ile ziliruhusu. Katika misimu sita Aniello alishushwa mara tisa. Mara mbili gari lile lilishinda, na shada la maua likavishwa shingo nyingine.

Mimi nilikuwa mtunza daftari. Wake wengi wa madereva walifanya kazi hiyo. Nilikaa kwenye kiti kirefu mbele ya kibanda cha timu, saa mbili za kupimia zikining'inia kifuani, na kila gari lilipopita niliandika namba yake. Ukikosa gari moja tu, hesabu yote inaharibika. Injinia Bonfatti, mkuu wa timu yetu, alikuwa akisema kwamba anaamini vitu viwili duniani: kipimo cha joto la injini na daftari la Bibi Cafiero, yaani langu.

Mwezi wa Mei, miaka minane baada ya vita, tulikwenda Napoli kushindana. Kwa Aniello huko ndiko nyumbani. Alizaliwa kwenye kilima cha Posillipo, na mama yake bado aliishi pale pale, dirisha lake likitazama barabara ambayo magari yangepanda. Aniello alikuwa na miaka arobaini na miwili, na alijua kwamba mwaka ule ndio wa mwisho. Kwa hiyo wakati wa baridi, tukiwa Modena kwenye karakana ya timu, alimwendea Injinia akamwomba jambo moja tu. Napoli amalize mwenyewe, akiwa ameketi kwenye kiti chake, hata kama atakuwa wa mwisho. Injinia alimjibu kwamba wataona. Lakini barua ilipomfikia mama yake, "tutaona" ilikuwa tayari imegeuka kuwa "amekubali", na kabla ya Pasaka mtaa mzima ulikuwa na habari.

Ndiyo maana asubuhi ya mashindano Ludovico Arcelli, dereva wetu wa kwanza, alipopita kwa miguu kukagua kona, mtu mmoja aliyekaa juu ya ukuta alimwita.

"We bwana wa Milano! Leo usije ukamwomba mtu kiti. Miguu ikiuma, panda tramu."

Watu wakacheka. Arcelli naye akacheka, akamrushia sigara. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, ningepumzika kwa kumchukia.

Yalianza magari kumi na sita, mizunguko sitini. Ubao mkubwa wa matokeo walikabidhiwa ndugu wawili waliopaswa kutundika namba za mbao kwenye misumari. Kufikia mzunguko wa thelathini walikuwa wakigombana. Mmoja akashuka ngazi na namba saba mkononi, akaenda zake, na ubao ukabaki ulivyo mpaka mwisho. Waamuzi walikuwa na karatasi zao ng'ambo ya barabara, lakini upande wetu aliyejua nani yuko wapi ni mimi tu.

Katika mzunguko wa thelathini na tano Arcelli hakupita. Baada ya muda tukamwona anakuja kwa miguu kandokando ya marobota ya nyasi yaliyopangwa ukingoni mwa barabara, uso umejaa oili. Gia zilikuwa zimevunjika kwenye kona ya Trentaremi. Hakusema anataka nini. Alisimama hatua nne kutoka kwangu, akabaki na glovu zake mikononi.

Wakati huo Aniello alikuwa wa tatu, sekunde kumi na moja nyuma ya wa pili. Hakuna aliyekuwa amempita mzunguko mzima.

Injinia aliniuliza bila kupaza sauti. "Mumeo wa ngapi, Bibi Cafiero?"

Nilijua jibu langu litafanya nini. Gari la tatu ni gari la kumpa Arcelli. Gari lililopitwa mzunguko mzima halimfai mtu, linaachwa liende na mwenyewe.

"Wa sita, Injinia," nikasema. "Na amepitwa mzunguko mzima."

Alinyoosha mkono kutaka daftari. Nikamwambia asubiri kidogo, wanapita, na walipokuwa wakipita nikafuta mzunguko mmoja wa namba kumi na nane, gari la Aniello, nikaipanga upya mistari iliyofuata. Kisha nikampa. Alitazama, akatikisa kichwa, akanirudishia. Ubao mwekundu ukabaki umeegemezwa ukutani.

Furaha yangu ilidumu mizunguko mitatu.

Kwenye wa arobaini Aniello alikuwa anaingia kuongezwa petroli. Injinia Bonfatti alichukia mafuta ya ziada kuliko alivyochukia mvua. Kwake petroli ni uzito, na gari lililofika mwisho likiwa na mafuta ya kutosha kulowesha zaidi ya leso lilikuwa limeendeshwa na mjinga. Sasa, gari lililopitwa huenda mzunguko mmoja pungufu, kwa sababu mshindi akishapita bendera, wote wanasimamishwa. Kwa hiyo nikamsikia akimwambia fundi wetu, Ermes, apime ya mizunguko kumi na tisa, si ishirini.

Nilifungua mdomo. Kama ningesema ishirini, ningelazimika kusema kwa nini, na Arcelli alikuwa pale na glovu zake. Nikajiambia kwamba chini ya tangi hubaki kitu siku zote. Nikajiambia kwamba Ermes ana mkono mzito na hukosea kwa kuzidisha. Nikafunga mdomo.

Aniello alisimama mbele yetu. Hakutazama petroli wala matairi. Alimtazama Arcelli, akaziona glovu, na nikaona mkono wake unakwenda wenyewe kidevuni, unaanza kufungua mkanda wa kofia. Hakuna aliyemwambia.

"Kaa hapo hapo, mzee," Ermes akamwambia akimpiga begani. "Leo hutaki tena kazi?"

Mkono ukashuka. Akanigeukia, akanionyesha kidole, ishara yetu ya kuuliza wa ngapi. Injinia alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Nikamwonyesha vidole sita.

Akaondoka kama mtu aliyetukanwa.

Sijawahi kumwona akiendesha hivyo, kabla wala baada. Kila mzunguko saa yangu ilionyesha muda mfupi zaidi. Kwenye wa hamsini na mbili alimpita aliyekuwa wa pili, mbele ya macho yetu, na mimi nikaandika kwamba sasa ni wa tano. Uongo una kazi nyingi, unataka kulishwa kila dakika mbili. Juu ya kuta watu walikuwa wamejihesabia wenyewe, wakawa wanapiga kelele na kuonyesha vidole viwili. Injinia akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanamshangilia mtoto wa kwao.

Mshindi alipita bendera. Nikaanza kuhesabu. Aniello alikuwa nyuma yake kwa sekunde ishirini na mbili. Ishirini na mbili zikafika, thelathini zikapita. Ermes akaangalia barabara, kisha akamwangalia Injinia. Gari la tatu likapita, na la nne. Dakika mbili baadaye tukasikia kelele inakuja kutoka kwenye kona, na haikuwa ya injini. Ilikuwa ya watu.

Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine niliambiwa. Petroli ilimwishia kwenye mwinuko, chini ya dirisha la mama yake, mita mia nne kutoka mwisho. Alishuka, akaweka bega nyuma ya gari, akaanza kusukuma. Sheria inamruhusu dereva kusukuma, mradi awe peke yake. Kama angefika hivyo hivyo, angeandikwa wa sita au wa saba, na angekuwa amemaliza.

Lakini huo ulikuwa mtaa wake. Waliruka marobota ya nyasi, binamu zake, kinyozi, wauza samaki, wanaume wa baa nzima. Aliwaomba wasiguse. Walioshuhudia wanasema aliwaapiza kwa roho za marehemu wao, aliwapiga hata viwiko, na kinyozi akamwambia kwa upole kabisa, "Nyamaza, Aniello, unachoka bure. Sisi tupo." Nguvu zilipomwisha akapiga magoti barabarani. Basi binamu yake Sossio akapanda kwenye kiti kushika usukani, na wengine, kama thelathini, wakasukuma. Ndivyo gari namba kumi na nane lilivyovuka mstari, Sossio akipunga mkono, na mume wangu nyuma kabisa, ameshikwa kwapani na wauza samaki wawili.

Mwamuzi mwenye kitambaa mkononi aliwaacha washangilie mpaka waridhike. Kisha akalikata jina la Aniello kwa mstari.

Aniello hakujali hilo kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Injinia, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akampandishia sauti. Alimwambia amemnyima petroli makusudi, nyumbani kwao, mbele ya mama yake. Injinia akajibu kwamba alimpa ya gari lililopitwa mzunguko mmoja, si zaidi wala pungufu. Mwamuzi, aliyekuwa bado anaandika, akainua kichwa.

"Nani amepitwa?" akasema. "Huyu alikuwa wa pili. Hakupitwa na mtu."

Injinia alichukua daftari kutoka magotini mwangu. Alipitisha kidole kwenye mistari mpaka mahali ambapo karatasi ilikuwa imekonda kwa kufutwa.

"Ni mimi," nikasema.

Alizivua zile saa mbili shingoni mwangu, taratibu, asinivute nywele, kama anayemvua marehemu vitu vyake. Alitaka kwenda, kisha akasimama.

"Ningemwita ashuke," akasema. "Hilo ni kweli. Ningemwita." Hakuonekana kujivunia.

Tulipanda mwinuko kwa miguu, mimi na Aniello, katikati ya watu waliokuwa wakirudi majumbani na viti vyao vichwani. Tulipokaribia mtaa wake akanigeukia.

"Ungenionyesha ule ubao ningesimama," akasema. "Hata nyumbani kwetu. Ningesimama kama mbwa aliyeitwa."

"Najua."

"Ulijua."

"Nilikuona ukifungua kofia, Aniello."

"Na vidole sita vile," akasema. "Nilikuamini. Nilisema, Nunzia akisema sita ni sita." Hakuwa na hasira. Ningependa awe nayo. Nilitaka kumwambia kwamba ziko siku nyingine, lakini hazikuwepo.

Mama yake alikuwa ametandika meza ndefu nje ya mlango, makaroni na kome na divai ya kienyeji. Wote waliosukuma walikuwa wameketi, mashati yamelowa jasho, wakionyeshana mikono iliyochubuka. Habari ya mwamuzi haikuwa imewafikia. Mama mkwe alikuwa akizunguka nyuma yao na kuwabusu vichwani mmoja mmoja, akilia. Sossio alikuwa amekaa mahali pa mgeni wa heshima, akieleza jinsi usukani ulivyo mzito, kwamba watu hawajui tu, si kazi ya mchezo.

"Tumekufikisha, binamu!" akasema alipomwona Aniello. "Ungetutegemea sisi tangu mwanzo, ungeshinda."

Aniello alisimama kando ya meza. Nilifikiri atawaambia. Badala yake alianza kuizunguka meza, akampa kila mtu mkono na kumshukuru kwa jina lake, kinyozi, wauza samaki, hata wale aliowapiga viwiko. Alipomfikia Sossio, Sossio akainuka haraka kumpisha kiti.

"Kaa," mume wangu akamwambia, akimwekea mkono begani. "Kaa tu."

Akachukua sahani yake, akala akiwa amesimama.